LOST imeisha na hawajatuambia ule mtumbwi ulikuwa wa nani, nina hasira sana

Wakuu habari za asubuhi, mwakeye kwa ndugu zangu wa Kigoma mliopo humu.

Nimemaliza Lost, ile tamthilia ya Marekani ya watu walioanguka na ndege kisiwani, jana usiku saa nane kasoro, sijalala vizuri, naandika hii nikiwa na usingizi na hasira kwaiyo makosa ya herufi mnivumilie. Ambaye hajaimaliza aishie hapahapa, nataja kila kitu mpaka picha ya mwisho kabisa.

Najua ni ya zamani, ilianza kurushwa Marekani Septemba 2004 na ikafungwa tarehe 23 Mei 2010, mtaniambia nimechelewa. Sawa nimechelewa. Ila kidonda changu ni cha jana.

Ngoja niwaeleze tulivyoiangalia ndo mtaelewa kwanini nimekasirika hivi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, wavuvi wote wakakaa, na mdogo wa mke wangu anavua dagaa pale Kibirizi hapa Kigoma, akawa anakuja kwangu Mwanga kila jioni hana la kufanya. Nikaenda kwa jamaa anayejaza muvi kwenye flashi nikamwambia nipe kitu kirefu, akaniwekea Lost sizoni zote sita. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, yeye ndo alikuwa anatusaidia pale Kiingereza kinapokuwa kigumu, anasimamisha anaeleza halafu tunaendelea. Sizoni ya kwanza mpaka ya tatu tukazimaliza ziwa likiwa limefungwa. Baada ya hapo ziwa likafunguliwa, bwana mdogo akarudi kazini, kwaiyo tukakubaliana hatuangalii bila yeye, tunasubiri mbalamwezi. Wa ziwani mnajua, dagaa anavuliwa kwa taa gizani, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inalala. Basi sizoni ya nne, ya tano na ya sita tumeziangalia usiku wa mbalamwezi tu, mwezi baada ya mwezi. Yaani mtu anakaa wiki mbili ziwani anawaza kule kisiwani kuna nini, akirudi kitu cha kwanza anauliza tuliishia wapi.

Sasa sizoni ya tano, epi ya nne. Wale watu wanarushwarushwa na muda, mara wapo zamani mara wapo mbele, wanafika kambini kwao ufukweni wanakuta hamna mtu, kuna mitumbwi miwili yenye mbawa pembeni, na ndani kuna chupa ya maji ya shirika la ndege la Ajira. Wakina Sawyer, walionusurika kwenye ile ndege, wanachukua mmoja wanaingia baharini. Nyuma yao unatokea mtumbwi mwingine, watu wanapiga kasia kwa nguvu na wanawapiga risasi! Juliet, daktari aliye nao, anageuka anajibu na bunduki, anampata mmoja. Kabla hatujaona sura zao mwanga unapiga, wanajikuta sehemu nyingine kwenye mvua ya usiku. Basi.

Bwana mdogo alisimama. Kwa mtu wa ziwani hiyo siyo sini ya kupita. Ukiwa kwenye maji na mtumbwi usioujua unakufuata, unataka kujua ni wa nani, huku kwetu watu wamewahi kuporwa injini na nyavu katikati ya maji na mpaka leo wanatajana kwa majina waliokuwemo. Akasema hao watakuwa ni wao wenyewe wa wakati mwingine, wanajipiga risasi bila kujua. Mimi nikasema ni watu wa Widmore, yule tajiri anayekitafuta kisiwa. Mwalimu akasema tusubiri, mwandishi mzuri hatoi risasi bure. Na kuanzia siku ile kila tukiwasha bwana mdogo anauliza leo watatuambia wa mtumbwi? Miezi! Ndege ya Ajira ikaanguka kisiwani, tukasema ehee chupa ile inakuja. Sizoni ya sita ikaanza, tukasema ni lazima iwe humu maana haijabaki nyingine. Epi ya mwisho ikaisha jana, majina yanapanda, akaniangalia akaniuliza shemeji, na mtumbwi je?

Sikuwa na jibu. Hakuna jibu. Sizoni sita na hakuna jibu.

Mtu asije akaniambia ni kitu kidogo. Hii tamthilia ndo ilitufundisha kwamba hakuna kitu kidogo! Namba 4 8 15 16 23 42 tulizikuta kwenye bahati nasibu ya Hurley, mmoja wa walionusurika, tukazikuta zimechongwa kwenye mlango wa kule chini ya ardhi, tukazikuta kwenye kompyuta ambayo lazima ubonyeze kila dakika 108, ukizijumlisha unapata 108, mwalimu alizijumlisha kwenye karatasi tukashangilia kama goli. Ukiona dubu mweupe kwenye msitu wa joto unaambiwa kumbuka, utaelezwa, na kweli tukaelezwa, waliletwa na Dharma, wale wanasayansi waliokuwa kisiwani zamani, kwa utafiti wao. Meli ya Black Rock kukaa katikati ya msitu, tukaelezwa vizuri kabisa kwenye ile epi ya Richard, yule asiyezeeka, wimbi la dhoruba 1867 likaibeba mpaka ndani na kulivunja sanamu. Ile epi ni nzuri mno, niliiheshimu. Sisi hapa tuna meli ya Liemba, Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, na wazee wa hapa ukiwauliza watakupa sababu ya kuzama na namna ilivyotoka. Meli ikiwa mahali pasipo pake, mtu anastahili kuambiwa imefikaje. Walilijua hilo. Kwaiyo walikuwa wanaweza, mwishoni wakaamua kutofanya.

Bibi yangu Kasulu alikuwa anatusimulia hadithi jioni tukimenya mahindi. Fisi akitumbukia shimoni lazima utajua alitoka au alifia mle, asiposema hatulali, tunamwamsha. Hakuwahi kutuambia wajukuu zangu muhimu ni kwamba fisi aliwapenda wenzake.

Na hiki ndo walichotufanyia. Nusu nzima ya sizoni ya sita tunaonyeshwa yale maisha mengine, ndege haijaanguka, imetua salama Los Angeles, Jack, yule daktari kiongozi wao, ana mtoto wa kiume, mwenzake Locke yupo kwenye kiti cha magurudumu ana mchumba, kisiwa chenyewe tunaonyeshwa kipo chini ya bahari. Tukaamini lile bomu walilolipua kisiwani ili ajali isitokee lilifanya kazi. Si sizoni ya tano iliisha na Juliet analigonga bomu kwa jiwe skrini ikawa nyeupe? Si yeye mwenyewe baada ya kufa, kupitia Miles anayeongea na wafu, tuliambiwa lilifanya kazi? Mwalimu akachora mistari miwili kwenye daftari, mmoja wa kisiwani mmoja wa Los Angeles, kila usiku anajaza, akisema mwisho itaungana. Daftari limejaa jamani. Halafu epi ya mwisho Jack anaingia kanisani, anakuta jeneza la baba yake tupu, baba yake amesimama nyuma yake anamwambia kwamba hapa wote mmeshakufa, ni sehemu mliyoitengeneza wenyewe ili mkutane kabla ya kuendelea mbele. Mlango unafunguliwa, mwanga, wanakumbatiana.

Kwaiyo bomu lilifanya nini? Kisiwa kilizamaje kule chini? Hakikuzama, ilikuwa ni ahera. Mwalimu alifunga daftari lake akaaga akaenda kwake, hakusema kitu, na huyu mzee huwa ana maneno.

Nisiwe mnafiki, nililia. Jack anajikongoja na jeraha ubavuni mpaka kwenye mianzi ileile alikoamkia epi ya kwanza, mbwa Vincent anakuja anajilaza pembeni yake, anaona ndege inapita juu na kina Kate ndani, jicho linafunga. Lilifunguka mwanzo, limefunga mwisho. Nililia kweli na shemeji yenu alilia. Lakini kulia siyo kujibiwa. Mtu anaweza kukuliza msibani na bado akawa anakudai.

Kilichoniuma kuliko vyote ni ile epi ya mama yao Jacob, mlinzi wa kisiwa, na pacha wake, epi mbili kabla ya mwisho. Tulisubiri sana kujua huyu mtu mwenye nguo nyeusi ni nani, jina lake nani, hicho kisiwa nini. Mwanamke anatokea, hana jina, anamzalisha mwenzake mapacha halafu anamuua, na akiulizwa kafikaje pale anasema kila swali atakalolijibu litazaa swali lingine. Tulitulia wote. Nikaona pale siyo yeye anayeongea, ni waandishi wanaongea na sisi. Halafu tunaonyeshwa pango lenye mwanga, ndo moyo wa kisiwa, mwanga huo upo ndani ya kila mtu, ukizimika mambo yameharibika. Na jiwe la kuuziba. Sizoni tano za sumaku, Dharma, wanasayansi, kurudi nyuma ya muda, unaniletea kizibo! Na yule mwenye nguo nyeusi hatukuwahi kuambiwa jina lake mpaka anarushwa pale mwambani.

Wanawake wanaopata mimba kisiwani walikuwa wanakufa, Juliet aliletwa kutoka Marekani kwa sababu hiyohiyo, kaishi pale miaka mitatu anateseka. Sababu? Hamna, wameacha tu. Walt, yule mtoto, ndege walikuwa wanajigonga dirishani akikasirika, mtoto kaibiwa baharini kwenye chelezo huku baba yake anapiga kelele, kumbe mwigizaji amekua wakamweka pembeni na siri yake yote.

Na Eko. Nitalisema hili kama Mwafrika. Eko ndo mtu aliyetufanya tuipende sizoni ya pili, Mnaijeria, kachukua bunduki utotoni ili mdogo wake Yemi asiue, halafu anaikuta ndege ndogo iliyoondoka Nigeria na maiti ya Yemi ndani, kwenye kisiwa cha Pasifiki. Kila mtu anayejua ramani aliuliza ndege ile imefikaje. Sizoni ya tatu mapema ule moshi mweusi unaoua watu kisiwani unamuua. Najua mwigizaji aliomba kuondoka, sawa, simlaumu mtu. Lakini hata kutajwa mwishoni? Mlango wa kanisa unafunguliwa na hakuna aliyemkumbuka Eko, mtu aliyekuwa anajenga kanisa kwa mikono yake palepale kisiwani!!

Jin sitaongea sana. Anabaki kwenye nyambizi afe na mkewe Sun, wana binti mdogo nyumbani ambaye Jin hajawahi hata kumshika. Mke wangu alitoka nje. Huku kwetu mtu akizama watu wa kwanza kuulizwa ni watoto, wapo kwa nani.

NAONGEZA SAA SITA MCHANA:
Nimesoma majibu yenu. Wewe mkuu unayesema walikufa wote tangu ndege ilipoanguka, hapana, hapana, rudia kuangalia. Baba yake Jack kamwambia wazi kwamba yote yaliyompata ni kweli, na waliomo kanisani wengine walikufa kabla yake na wengine miaka mingi baada yake. Kilichokuchanganya ni zile picha za mabaki ya ndege ufukweni wakati majina yanapita, zile ziliwekwa na kituo cha ABC ili watu watulie kabla ya taarifa ya habari, siyo sehemu ya kisa. Nina hasira na hii tamthilia lakini sitaki isingiziwe.

Dada uliyesema namba zimejibiwa, ndio, 4 Locke, 8 Hurley, 15 Sawyer, 16 Sayid, 23 Jack, 42 Kwon (ukoo wa Jin na Sun), waliokuwa kwenye orodha ya Jacob. Nakubali nusu. Sasa hizo namba ndo zimefikaje kwenye mlango wa Dharma na kwenye redio iliyomfanya Rousseau, yule mama Mfaransa, akafika kisiwani? Ukinijibu hilo nakupigia saluti.

Na huyu aliyeandika kuna kipande cha dakika 12 kilichowekwa kwenye DVD, Ben, aliyekuwa kiongozi wa wenyeji wa kisiwa, anaenda kwenye ghala la Dharma kule Guam anaeleza chakula kilichokuwa kinadondoshwa, halafu na Hurley wanamrudisha Walt. Mkuu umenivuruga zaidi. Kwaiyo jibu lilikuwepo na likawekwa kwa wenye kununua boksi? Sisi wa flashi hatukupata. Nimempigia jamaa wa muvi anasema hana, mwenye nacho anisaidie.

Ila naona hakuna hata mmoja wenu aliyegusa mtumbwi. Mwezi umeshaanza kuchelewa kutoka, jioni hii bwana mdogo anaingia ziwani na wenzake, kesho asubuhi nitakuwa mwaloni Kibirizi wakitua. Mwenye kujua waliokuwa wanapiga risasi aandike hapa kabla hakujakucha, nimpelekee.