Makbeth ya jukwaani na filamu zake nne: tuwaonyeshe wanafunzi ipi kabla ya mazoezi?

Mwalimu_Jinja
Wanajukwaa wenzangu, salaam. Ninalea chama cha maigizo katika shule moja ya hapa Jinja, na muhula huu tumeazimia kuigiza Makbeth, tamthilia ya Shakespeare kuhusu jemadari wa Uskoti anayemwua mfalme wake ili atawale, kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya S. S. Mushi iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1968. Kitabu tulicho nacho ni kimoja, jalada lake limekwisha kung'oka, na akiba ya chama ni shilingi 400,000. Wajumbe wa kamati hawaelewani. Wengine wanataka fedha hizo zitafutie vitabu zaidi, hata vikiwa vya mitumba kutoka ng'ambo ya mpaka. Wengine, nikiwa mmoja wao, tunaona heri tukodi projekta siku moja ili waigizaji waione hadithi nzima kwenye filamu kabla hawajaanza kukariri. Filamu ninazozifikiria ni nne: ya Akira Kurosawa ya mwaka 1957, ya Roman Polanski ya mwaka 1971, Maqbool ya Vishal Bhardwaj ya mwaka 2003, na ya Joel Coen ya mwaka 2021. Naomba mnishauri ni ipi inayomfikisha mtazamaji karibu zaidi na tamthilia yenyewe. Projekta natakiwa niilipie kabla ya Ijumaa.

Fundi_Picha
Mwalimu, swali lako halijibiki kwa namna ulivyoliuliza. Hukutaja umri wa wanafunzi, hukutueleza mmepewa muda gani, wala hukugusia kama madirisha ya ukumbi wenu yana mapazia. Filamu ya Coen ina dakika 105, Maqbool ina 132, na ya Polanski inafika 140. Vipindi viwili vilivyounganishwa ni dakika 80, kwa hiyo hakuna hata moja itakayoenea. Tena ya Coen haina rangi, ilipigwa ndani ya studio kwa makusudi ya kucheza na vivuli, na ukiimulika saa sita mchana katika ukumbi usio na mapazia, wanafunzi watatazama ukuta.

BintiBombo
Mimi sihitaji kujua umri wao ili niseme Maqbool. Watoto wetu wamekua na filamu za Kihindi, hivyo hakuna atakayeuliza kwa nini watu wanaimba. Bhardwaj ameichukua habari ya Uskoti akaipeleka kwa majambazi wa Mumbai: Duncan, yule mfalme anayeuawa, amekuwa Abbaji, mzee anayeheshimiwa na kuogopwa, na wale wachawi watatu wanaomtabiria Macbeth ufalme wamegeuka askari polisi wawili, Om Puri na Naseeruddin Shah, ambao huchora nyota za watu huku wakila rushwa. Mtabiri aliye pia mla rushwa, ambaye utabiri wake unatimia kwa sababu yeye mwenyewe anausukuma, ni jambo ambalo mwanafunzi wa Uganda atalielewa bila kufafanuliwa. Msitu wa Birnam, ambao Macbeth aliambiwa ukisogea ndio mwisho wake, nao umekuwa bahari: Maqbool anaambiwa kuwa bahari ikifika nyumbani kwake ndio mwisho wake, na kweli inafika.

Mzee_wa_Masaka
Binti yangu, umetusimulia filamu vizuri, lakini mwalimu ameuliza habari ya tamthilia. Ninyi mnaopenda picha mnasahau kuwa mchezo huu uliandikwa kwa ajili ya masikio. Katika jukwaa la Globe kule London, la Shakespeare na wenzake, michezo ilichezwa alasiri, juani, bila taa hata moja. Usiku wote ulioujaza mchezo huu, bundi, mishumaa iliyozimika, mbingu isiyo na nyota, uliumbwa kwa maneno peke yake. Na tendo kubwa kuliko yote, kuuawa kwa mfalme, Shakespeare hakulionyesha. Macbeth anaingia chumbani, mkewe anabaki na sisi akisikiliza, kisha mume anarudi na majambia mikononi ambayo alipaswa kuyaacha kule, halafu lango linagongwa. Sisi hatukuona kitu, na ndiyo maana tumetetemeka. Polanski ametuingiza chumbani tuone kisu kikizama. Coen naye ametuingiza. Bhardwaj amemwaga damu usoni mwa mwanamke aliyelala kando ya marehemu. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba fedha zinunue vitabu.

Fundi_Picha
Mzee, heshima yako, lakini umemruka mmoja. Kurosawa hakuingia chumbani. Washizu, ambaye ndiye Macbeth wake, anapokwenda kuua, kamera inabaki na mkewe Asaji, ikimtazama akisubiri, hadi mume anaporudi ameushika mkuki wenye damu. Mtu ambaye hakutumia hata mstari mmoja wa Shakespeare ndiye aliyeifuata kanuni ya jukwaa kuliko wote waliotumia mistari yake.

Mzee_wa_Masaka
Hilo nalikubali, na linaniuma kulikubali.

Mstaafu_wa_Mbale
Kabla mwalimu hajalipia projekta, naomba nimsimulie yaliyonipata mimi na filamu ya Polanski, katika shule ya bweni ya wasichana ambayo sitaitaja. Nilinunua santuri yake kwa mchuuzi mjini, nikaijaribu nyumbani kwa dakika kumi, nikaona ufukwe, ukungu na vikongwe wakifukia kamba ya kitanzi mchangani, nikaridhika. Jumapili jioni tukapanga viti, na mwalimu mkuu akaja na mgeni wake, mchungaji mmoja mwenye mvi, wakaketi mstari wa mbele. Mambo yalikwenda salama kwa zaidi ya saa moja. Kisha Macbeth akaenda kuwauliza wachawi mara ya pili, na pango lote likawa limejaa vikongwe walio uchi kama walivyozaliwa. Sikujua kitufe cha kusimamisha kiko wapi, kwa kuwa mashine ilikuwa ya kuazima, nikafanya lile lililonijia kwanza: nikasimama mbele ya projekta. Kivuli changu kikaufunika ukuta, na vikongwe wakaendelea na shughuli zao juu ya shati langu jeupe, jambo lililowafurahisha wasichana kuliko chochote nilichowahi kuwafundisha.

Nilidhani balaa limepita. Sikujua kuwa hata ile sehemu ya mke wa Macbeth kutembea usingizini, Polanski ameiweka bila nguo. Kesho yake niliandika barua ya kujieleza ya kurasa tatu, nikidai kuwa zama hizo watu walilala hivyo, na barua hiyo haikunisaidia chochote. Lakini lililonisikitisha halikuwa hilo. Wiki iliyofuata niliwauliza wanafunzi yule mama alikuwa akifanya nini kwa mikono yake alipokuwa akitembea. Katika darasa zima hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa akinawa damu isiyotoka. Mchezo wote unaelekea kwenye mikono ile, na picha yenyewe ndiyo iliyowafumba macho wasiione.

Mpenda_Historia
Pole sana, mstaafu. Nami niongeze neno dogo. Macbeth wa kweli alitawala Uskoti tangu mwaka 1040 hadi 1057, miaka 17, na alimshinda Duncan vitani, hakumwua mgeni kitandani. Mwaka 1050 alikwenda kuhiji Roma, safari ambayo mfalme anayeogopa kupinduliwa asingethubutu kuifunga. Ubaya wote alipewa baadaye na waandishi wa tarehe, hasa Holinshed, ambaye Shakespeare alimsoma. Hapa kwetu tulipata kuwa na mtawala, Idi Amin, aliyejipa mwenyewe cheo cha mfalme wa Uskoti, na nadhani mwalimu angeanzia hapo badala ya filamu.

Mzee_wa_Masaka
Ndugu, walioukumbuka utawala huo hawahitaji filamu wala utangulizi. Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo aliyekuwa akiongoza Ukumbi wa Taifa pale Kampala, alichukuliwa mwaka 1977 akauawa. Sehemu ile ambapo Ross, mmoja wa makabaila wa Uskoti, anasema kuwa kengele ya msiba inalia na hakuna anayeuliza inamlilia nani, mimi huisoma polepole.

Kijana_wa_Katwe
Nimewasoma wote kwa heshima, lakini mnazungumza kana kwamba Uganda haina njia yake ya kuigeuza filamu. Katika vibanda vya video, vijei hukaa na kipaza sauti akaifasiri filamu yoyote, ya Kichina au ya Kihindi, papo hapo kwa Kiluganda, akawapa wahusika majina ya mtaani na kuwatania wanapokosea. Mwalimu anaweza kuchukua filamu ya Kurosawa, akazima sauti, na mwanafunzi mmoja akasoma Kiswahili cha Mushi juu yake. Kwa namna hiyo macho yangepata picha na masikio ya Mzee yangepata maneno.

Mzee_wa_Masaka
Yule mlinzi wa lango, mlevi anayejidai kuwa bawabu wa jehanamu wakati maiti ya mfalme iko ghorofani, ndiye vijei wa Shakespeare. Huyo nakukubalia. Lakini uzungumzi nafsia wa Macbeth, anapojisemea "kesho, na kesho, na kesho", hautaniwi, wala hauwezi kufungwa kamba kwenye midomo ya Kijapani inayosema mambo mengine.

BintiBombo
Mzee wangu, shikamoo, na samahani nikikurudisha nyuma. Umesema filamu zinamwaga damu tu. Mimi naona zinafanya jambo ambalo tamthilia ililikwepa. Mke wa Macbeth anasema wazi kuwa amewahi kunyonyesha mtoto. Mtoto huyo yuko wapi? Tamthilia haisemi, lakini mume anahangaika hadi mwisho kwamba ufalme wake utakwenda kwa wana wa Banquo, rafiki yake. Kurosawa amelijibu: Asaji anamwambia mumewe kuwa ana mimba wakati wanakaribia kumrithisha mtoto wa rafiki yao, na mtoto anazaliwa mfu. Justin Kurzel, katika filamu yake ya mwaka 2015 ambayo mwalimu hakuitaja, anaanza na mazishi ya mtoto mdogo kabla hakijasemwa chochote. Coen amewachagua Denzel Washington na Frances McDormand, wote wamevuka miaka 60, hivyo tunawaona watu ambao wakati wa kupata mtoto umekwisha kuwapita na taji ndilo lililobaki. Na katika Maqbool, Nimmi, kimada wa Abbaji, anajifungua mtoto ambaye haijulikani ni wa mzee aliyeuawa au wa muuaji, na Maqbool anapomwona mtoto huyo mikononi mwa maadui zake, wakimpokea kwa upendo, anaiacha bunduki ianguke. Mimi nilipoliona hilo ndipo nilipoelewa kwa nini Macbeth alichoka.

Mzee_wa_Masaka
Marahaba, binti yangu. Umeeleza vizuri kuliko nilivyotarajia, na bado sikubaliani nawe. Macduff, adui wa Macbeth, anapoambiwa kuwa wanawe wamechinjwa, anasema "hana watoto", na mpaka leo watu wanabishana kama anamsema Macbeth au anamsema Malcolm, mwana wa mfalme aliyeuawa, anayemfariji haraka mno. Mwigizaji lazima achague usiku ule ule, mbele ya watu, kwa kumtazama huyu au kumtazama yule. Pengo lile ni mali ya mwigizaji. Filamu ikilijaza kwa jeneza katika dakika ya kwanza, imewanyang'anya wanafunzi wa mwalimu kazi tamu kuliko zote kabla hawajaianza.

Mvuvi_wa_Ggaba
Nashangaa kuwa Waafrika tunapanga foleni kwa Mjapani, Mhindi na Mmarekani. Mwaka 1999 Alexander Abela alipiga filamu ya Makibefo, Makbeth yake, nchini Madagaska, pamoja na wavuvi wa Kiantandroy ambao hawakuwa waigizaji wa kazi, kwenye mchanga na upepo wa bahari, bila majumba wala mavazi ya kifalme. Afrika Kusini nayo ilikuwa na uMabatha ya Welcome Msomi, ya Kizulu, iliyopanda jukwaani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufika hadi London. Chama kisicho na fedha kinapaswa kuwatazama watu ambao nao hawakuwa na kitu.

Mpenda_Historia
Jambo jingine: mnaendelea kuwaita "wachawi", na mimi nina mashaka. Anayekuambia yatakayokuja ni mpiga ramli. Mchawi ni yule anayekudhuru. Wale watatu hawakumgusa Macbeth.

BintiBombo
Rudi kwenye tendo la kwanza, onyesho la tatu. Mmoja wao aliomba njugu kwa mke wa baharia, akanyimwa, akaapa kumfuata mumewe baharini na kumnyima usingizi mpaka akonde. Mtu anayemtesa mume kwa sababu ya njugu za mke, kwetu Bombo hatumtafutii jina la adabu.

Mpenda_Historia
Hata hivyo chombo chake hakikuzama. Imeandikwa kuwa hakiwezi kupotea, kinaweza kupigwa na tufani tu. Nguvu yao ina mpaka, na mpaka huo ndio unaomfanya Macbeth awe na hatia yake mwenyewe.

Mwalimu_Jinja
Nimerudi, na nawashukuru nyote. Nilikosea kutosema: ni wanafunzi wa kidato cha tano, wavulana kwa wasichana, na tumepewa Jumamosi kuanzia saa nne hadi saa saba mchana. Polanski nimemfuta, kwa heshima ya shati la mstaafu. Coen nimemfuta pia, kwa kuwa anapatikana kwa huduma ya kulipia ya Apple na intaneti yetu haiaminiki. Sasa niko kati ya Kurosawa na Maqbool, na katibu wa chama, aliyesoma uzi huu bila kuniuliza, anasema tumwonyeshe Washizu akisubiriwa na mkewe, dakika zile tu, kisha fedha zinazobaki zitafute vitabu. Mwenye projekta, kwa upande wake, anadai bei ya siku nzima hata ukiitumia dakika kumi.

Mzee_wa_Masaka
Katibu huyo mpe nafasi ya Macduff.

BintiBombo
Ampe nafasi ya mke wa Macbeth. Na dakika kumi za Kurosawa si filamu, Mwalimu. Ni kama kumwonjesha mtu chumvi ukasema amekula.

Fundi_Picha
Saa nne hadi saa saba ni jua kali. Mwalimu, mapazia yapo au hayapo?