BORROW (kukopa) na LEND (kukopesha): lipi lilikutia aibu? Tupeane uzoefu

Mzee wa Kokoto: Wakuu, habari za jioni. Mwanangu wa darasa la tano kaja na daftari limekatwa kwa peni nyekundu: "Please borrow me your rubber." Nikacheka, halafu nikanyamaza. Mwaka 2009 kwenye usaili wa kazi ya stoo niliwaambia "I was borrowing tools to the fundis". Jopo likatazamana. Kazi sikupata. Nani mwingine?

Binti Pangani: Mimi hapa 😂 usinikumbushe.

Omosh: Huku Kenya "borrow me" inafika hadi chuo kikuu. Mwalimu wetu alikuwa anakujibu "From who?" na unasimama hadi kengele ilie.

Boksi Limenichosha: Kaeni niwasimulie. Manchester, mwezi wa tatu tangu nifike, nabeba boksi ghalani usiku. Kodi ya chumba imepelea pauni 150 na mwenye nyumba ni wa kugonga mlango alfajiri. Nikaona nimwombe msimamizi wangu, mama wa Kiingereza, ana roho nzuri. Ujumbe niliutunga dakika ishirini, nafuta naandika: "Good evening madam. Can I lend you 150 pounds? I will be very happy."
Akajibu papo hapo: "Oh bless you! How did you know?" Kumbe boila ya kwake imekufa, watoto wanalala na makoti. Kesho yake kaja na keki, kanikumbatia mbele ya zamu nzima, ananiita malaika. Sasa hapo unaanzaje kumwambia mama, mimi ndiye nilikuwa naomba?
Nikaenda kwa Mnigeria mmoja nikakopa pauni 300. Nusu kwa mama, nusu kodi. Wiki tano chai na mkate. Alinilipa yote, na kadi juu: "Thank you for lending me the money." Hapo ndipo lend ilipoingia kichwani.

Kiti Moto: Chai hii, na haina hata sukari.

Boksi Limenichosha: Kadi ninayo. Wewe leta usaili wako.

Binti Pangani: Keki ilikuwa ya nini lakini?

Boksi Limenichosha: Karoti. Niliila yote, ndiyo ilikuwa chakula cha siku.

Mwalimu Mstaafu: Tatizo linaanzia nyumbani. Anayetoa anaazima, anayepokea anaazima, mtoto atatofautisha vipi? Kiswahili kina azima na azimisha, kopa na kopesha, panga na pangisha. Tumieni viambishi!

Nazi Mbovu: Mwalimu, shikamoo. Nenda kwa jirani hapa Tanga umwambie "niazimishe sufuria", atadhani umetumwa na serikali. Tunasema "niazime" na sufuria linatoka.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Wakosaji kuwa wengi hakugeuzi kosa.

Nazi Mbovu: Kamusi za zamani zinaiweka azima pande zote mbili. Fungua uone.

Mtu wa Leipzig: Msigombane. Wajerumani nao wana leihen, kutoa na kupokea humo humo. "Ich leihe dir" nakuazima wewe, "ich leihe mir" najiazimia mimi. Borgen vilevile, na huyo ni ndugu wa damu wa borrow. Kwa hiyo si sisi peke yetu.

Omosh: Dawa ni hii: borrow inatembea na from, lend inatembea na to. Basi.

Mama Tunu: Mimi nilifundishwa B ya borrow ni bakuli, unanyoosha. L ya lend ni lipa.

Kiti Moto: Anayelipa si ndiye aliyeborrow? Umenipoteza kabisa.

Mama Tunu: Basi L ya lia. Ukishakopesha utalia.

Nazi Mbovu: Mimi nasema "give me" halafu natabasamu. Sijawahi kukosea.

Mwalimu Mstaafu: Someni Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Mwingereza Shakespeare, tafsiri ya Nyerere ya 1969. Antonio alikopa dukati 3,000, nusura akatwe ratili ya nyama kifuani.

Mzee wa Kokoto: Na Kiingereza alikuwa anakijua, Mwalimu.

Kiti Moto: Mkuu Boksi, yaishe. Nina shida hapa, can I lend you laki mbili?

Boksi Limenichosha: Oh bless you! Natuma namba sasa hivi.