Tupeane uzoefu: Unajiandaaje kupiga picha za likizo ya bembea na fataki?

MpigaPicha_Ngara

Wadau, salamu. Likizo ya Desemba inakaribia na humu kuna familia zinazosafiri, nyingi Dubai, nyingine Marekani hadi Orlando. Maswali yananifikia kila jioni na karibu yote yanahusu fataki. Naomba waliowahi kupiga picha kwenye bustani za burudani waseme walivyojiandaa, hasa kabla ya kufika uwanja wa ndege wa JKIA.

Naanza na jambo ninaloliamini kwa dhati: picha za fataki hupigwa Nairobi kwanza. Onyesho huwa la dakika chache, watu wamesongamana, mtoto yuko mabegani, na ni giza. Hapo si mahali pa kutafuta kitufe.

Fataki ni mwanga unaotembea, kwa hiyo hazifuati kanuni za picha za mchana. Ukubwa wa tundu la lenzi ndio unaoamua cheche zitang'aa kiasi gani. Muda wa kuacha shata (pazia la kamera linaloingiza mwanga) wazi unaamua mistari itakuwa mirefu kiasi gani, na milipuko mingapi itaingia kwenye picha moja. Mimi huanza na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ndogo kwa fataki), f/11 (kipimo cha tundu: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), sekunde 2 hadi 4, kamera ikiwa juu ya stendi. Nikiona cheche zimekuwa nyeupe na rangi imepotea, nafunga tundu hadi f/16. Fokasi, yaani ukali wa picha, naiweka kwa mkono kwenye taa ya mbali kabla onyesho halijaanza, kisha siigusi tena. Kamera ikiachiwa itafute yenyewe kwenye anga jeusi, itahangaika hadi mlipuko upite. Kizuia mtikisiko nakizima kamera ikiwa kwenye stendi. Nazima pia huduma ya kusafisha chengachenga za picha ndefu, kwa sababu baada ya picha ya sekunde 4 inakufungia kamera kwa sekunde nyingine 4, na fataki hazikusubiri.

Pa kufanyia mazoezi ni kwenye daraja la waenda kwa miguu, Barabara ya Mombasa, magari yakiwa yamewasha taa. Ukiweza kupata mistari safi myekundu na myeupe hapo, fataki hazitakushinda. Daraja hutikisika watu wakipita, ngoja wapite ndipo ufungue shata. Halafu kuna Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, Oktoba au Novemba, ambapo wenzetu wa Parklands na Ngara huwasha fataki zenyewe. Tumieni nafasi hiyo.

DadaWaSouthC

Asante kwa kufungua uzi huu. Yangu ni ya Dubai, bustani ya burudani ya Global Village. Kwanza hakikisheni tarehe, kwa sababu pale pana msimu: hufunguliwa kipindi cha baridi kuanzia Oktoba na kufungwa joto likianza kuwa kali. Fataki zake ni za wikendi, hivyo mkienda katikati ya wiki mtapata taa na bembea bila fataki. Panga siku ya picha ndipo upange siku ya kununua zawadi.

Jambo ambalo watu wa Nairobi hatulitarajii ni ukungu kwenye lenzi. Huku tuko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hewa ni kavu na ya ubaridi. Dubai unatoka chumbani kwenye kiyoyozi na kuingia kwenye joto lenye unyevu, na kioo cha lenzi kinafunikwa na mvuke papo hapo. Kuufuta hakusaidii, unarudi. Ninachofanya ni kuifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki ningali chumbani, natoka nayo hivyo hivyo, na siufungui mpaka kamera ishike joto la nje. Nusu saa kabla ya onyesho inatosha. Watu wa Pwani wanalijua hili vizuri kuliko sisi.

Chaja msihangaike nazo. Soketi za kule ni za pini tatu kama zetu.

BabaMapacha_Kasarani

Orlando ndiko tulikokwenda, kwa shemeji yangu anayeishi huko, na nitasema kwa urefu kidogo kwa sababu kule sheria ni nyingi.

Disney wamepiga marufuku vijiti vya selfi ndani ya bustani zao tangu 2015. Stendi ya kamera inaruhusiwa, ila lazima iingie ndani ya begi la kawaida la mgongoni, na isizidi futi 6 ikinyooshwa. Zile stendi kubwa za kupigia harusi ziacheni nyumbani. Mimi nilitafuta ndogo inayojikunja kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, nikaijaribu dukani kwa kuipachika kamera na kuigusa kwa kidole. Kama bado inatingika ukihesabu hadi tatu, rudisha, chukua nyingine.

Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 240, na soketi zao ni za pini mbili bapa. Soma maandishi madogo kwenye chaja ya betri. Ikiwa imeandikwa 100–240V, unahitaji kigeuza pini tu.

Sasa fataki. Pale Magic Kingdom, bustani mojawapo ya Disney, hurushwa nyuma ya kasri la Cinderella, lenye urefu wa karibu mita 57. Watu hujazana chini ya kasri. Ni pazuri kwa macho, lakini kwa picha utalazimika kuinua kamera sana, na milipuko ya juu inakatika. Sisi tulisimama mwisho wa barabara ya Main Street, upande wa stesheni ya treni. Ukiwa pale, kasri, barabara yenye taa na anga lote vinaingia kwenye lenzi ya milimita 24–70 bila taabu.

Taabu yenyewe ni kasri. Linamulikwa kwa taa kali, kwa hiyo ukiacha shata wazi sekunde nyingi, fataki zinatoka vizuri lakini kasri linakuwa jeupe kama karatasi. Dawa yake ni kadi nyeusi. Unafungua shata, unaziba lenzi kwa kadi bila kuigusa, fataki zikipasuka unaiondoa, zikizimika unaziba tena. Hivyo kasri linapata mwanga wa sekunde chache tu, na milipuko kadhaa inaingia kwenye picha moja. Niliifanyia mazoezi kwenye roshani ya nyumbani, nikitumia taa za mtaa na jalada la daftari la kijana wangu.

Na moshi jamani. Picha safi ni za mwanzo. Angalia bendera ilipo uone upepo unakwenda wapi, na usisimame mahali moshi unakoelekea. Ukingoja mlipuko mkuu wa mwisho pekee, mara nyingi utapata wingu linalong'aa.

Wa likizo ya Agosti wabebe mfuko wa mvua. Kiangazi cha Florida huleta radi na mvua alasiri karibu kila siku.

MamaWatatu_Umoja

Mimi sina kamera, nina simu, na picha zangu za bustani ndizo shosho alizozichapisha zote na kuziweka ukutani Murang'a. Kwa hiyo wenye simu wasikate tamaa.

Futa kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa laini, maana mtoto aliyekula aisikrimu ndiye aliyeishika mwisho. Bonyeza skrini na ushikilie hadi fokasi ijifunge, kisha shusha mwanga kwa kidole. Hali ya usiku huchukua picha ya sekunde kadhaa, hivyo egemeza simu ukutani au kwenye reli.

Lakini nataka kusema kitu kingine. Fataki zenyewe zinafanana na za jirani yako. Uso wa mtoto wako anapozitazama haufanani na wa mtu mwingine yeyote. Geuka nyuma! Mwanga wa fataki unawamulika usoni kwa nukta moja, mara mwekundu, mara kijani, midomo iko wazi. Hiyo ndiyo picha shosho anayoitaka, kwa sababu anawatafuta wajukuu zake.

Na mama naye aingie kwenye picha. Nyumba nyingi ninazozijua, albamu imejaa baba na watoto, mama haonekani kwa kuwa ndiye aliyeshika simu. Mfundishe mtoto mkubwa kupiga mkiwa bado nyumbani.

MpigaPicha_Ngara

Mama Watatu, hapo umenena. Niongeze kwa wenye kamera: nyuso hizo zinataka vipimo tofauti kabisa. ISO 3200, f/1.8 au f/2, shata 1/100. Kamera nyingi zina C1 na C2 kwenye gurudumu la juu. Hifadhi vipimo vya fataki kwenye C1, vya nyuso kwenye C2, na ubadilishe gizani kwa kuhesabu midundo ya gurudumu.

Kijana_Rongai

Kwenye bembea zenyewe acheni kamera kubwa. Zile treni zinazopinduka hazikubali mtu abebe kitu kilicholegea, inabidi kihifadhiwe kabatini au abaki nacho mmoja wenu. Anayebaki chini apige shata 1/1000 kugandisha nywele hewani, au 1/30 akimfuata mtoto kwa kamera ili yeye aonekane na nyuma kuwe mistari. Hiyo ya pili ni ngumu. Niliizoea kwenye bembea za maonyesho ya Jamhuri.

Betri za ziada na pawabanki ziwe kwenye begi la mkononi, si la kupakiwa. Kikomo cha kawaida ni 100 Wh (saa-wati, kipimo cha nishati ya betri). Pawabanki ya 20,000 mAh ni kama 74 Wh, iko salama. Funika ncha za betri kwa utepe.

DadaWaSouthC

Kuna anayekwenda Burj Khalifa usiku wa Mwaka Mpya?

BabaMapacha_Kasarani

Dada yangu mdogo anakwenda. Atumie lenzi gani?

MpigaPicha_Ngara

Jengo ni mita 828 na fataki hutoka kwenye jengo lenyewe, kwa hiyo kamera isimame wima, lenzi pana ya milimita 16 hadi 24. Au akae mbali kabisa atumie 50. Nafasi za karibu hujaa tangu mchana, abebe maji na chakula cha watoto.

Mazoezi ni Jumamosi hii, Barabara ya Mombasa, saa kumi na mbili jioni. Giza letu huingia upesi: jua likizama kama saa kumi na mbili na nusu, tuna kama dakika ishirini za anga la buluu. Kila mtu aje na stendi, betri iliyojaa na kipande cha kadi nyeusi. Wenye simu pia mje, Mama Watatu atawaongoza. Tutatembea kundi moja, na hakuna atakayeachwa nyuma na kamera peke yake.