Gari inakwangua nyuma, fundi anasema "beringi" kabla hajavua hata tairi. Hii tabia ikome!

Wakuu, huu ni uzi wa hasira. Anayeona fundi wake anasemwa vibaya apite tu.

Kuna ugonjwa kwenye gereji zetu, za chini ya mwembe na zenye geti, zote sawa. Mteja anafika na IST, Vitz au Probox, analalamika kuna kitu kinakwangua nyuma. Fundi hajapiga jeki, hajaizungusha gari hata mtaa mmoja, dawa tayari: "Beringi hiyo bosi, tena zote mbili, toa hela nikafuate spea." Beringi zinafungwa, gari inatoka getini inakwangua vilevile. Ukirudi unaambiwa zile zilikuwa feki, ongeza hela ziletwe orijino. Huu ni wizi wa mchana kweupe!

Beringi, ile inayolifanya tairi lizunguke laini, ikianza kufa haikwangui, inavuma. Mvumo unapanda kadiri spidi inavyopanda, na ukikata kona ndefu unabadilika: kona ya kulia uzito unaegemea kushoto, kwa hiyo beringi mbovu ya kushoto inapiga kelele zaidi. Kukanyaga breki hakuibadilishi. Ikifikia hatua ya kusaga, ujue imeshaoza na tairi linacheza waziwazi. Mkwaruzo wa "kwaa, kwaa, kwaa" unaofuata mzunguko wa tairi kwenye spidi ya 20 ni habari nyingine kabisa, na mara nyingi inahusu breki.

Kipimo cha kwanza ni bure. Tafuta njia tupu yenye ukuta pembeni, shusha vioo, tembea 10 hadi 20 kwa saa. Gusa breki kidogo. Kisha achia breki, bonyeza kitufe cha handibreki na uivute jino moja au mawili, taratibu, kitufe ukiwa bado umekibonyeza. Handibreki inashika nyuma tu. Mlio ukibadilika au ukikatika hapo, umeshajua uko nyuma na uko kwenye breki. Fundi gani anafanya hiki kipimo? Niambieni!

Kisha jeki. Weka vigingi tairi za mbele, weka stendi chini ya gari (jeki peke yake imeshaua watu), ndipo uachie handibreki. Watu wanapima tairi la nyuma na handibreki imevutwa halafu wanasema "limejam." Zungusha tairi kwa mkono huku mkono mwingine umeshika koili ya springi upande huohuo. Beringi mbovu utaisikia kwenye koili kama mchanga unasagika. Shika tairi juu na chini, litikise. Likitulia na koili ikawa kimya, iache beringi ya watu.

Vua tairi, rudisha nati mbili zishike drumu (kile chungu cha chuma kinachofunika breki za nyuma), zungusha tena. Mlio umepotea? Basi hata breki haina kosa. Angalia plastiki ya ndani ya madigadi, waya wa handibreki uliochomoka kwenye klipu yake, au risasi za balansi (vile vizito vya kusawazisha tairi) zilizobandikwa ndani ya rimu zinazogusa kalipa, kile kibano cha breki kwa gari zenye diski nyuma. Hii ya risasi inawapata sana waliobadilisha rimu.

Mlio upo bado? Fungua drumu. Usiigonge kwa nyundo kama unapasua kuni. Kwenye uso wa drumu za Toyota ndogo kuna matundu mawili yenye nyuzi. Tia bolti mbili za milimita 8, zile za spana namba 12, zikaze kwa zamu, drumu inajisukuma yenyewe. Ikigoma, viatu (vile vipande vilivyopinda vinavyobana drumu kwa ndani) vimechimba mfereji ndani yake. Toa kizibo cha mpira nyuma ya bati linalobeba viatu, ingiza bisibisi, legeza ajasta, ile skrubu inayosogeza viatu karibu na drumu.

Humo ndani ndimo ukweli ulipo. Lainingi (ule utando wa msuguano juu ya kiatu) ikibaki milimita 1, kiatu kimekwisha. Kama ni ya riveti, vichwa vya riveti vimeshaanza kuchora drumu. Kama ni ya gundi ya bei chee, inabanduka kipande kizima, inazunguka humo ndani, na siku moja inafunga tairi ukiwa kwenye mteremko. Drumu imeandikwa kipimo chake cha mwisho: ya milimita 200 kwa kawaida mwisho ni 201. Ikizidi hapo ni chuma chakavu, hata ichongwe vipi. Funua vile vifuniko vya mpira vya silinda ndogo inayosukuma viatu. Ukikuta unyevunyevu, silinda inavuja, na lainingi iliyolowa haisafishwi, inabadilishwa pande zote mbili. Angalia pia vile vinundu vya bati ambako kiatu kinaegemea: vikikauka vinakwaruza hata kama viatu ni vipya. Vinataka grisi ya kuhimili joto, kiasi cha punje ya mchele kila kimoja, isiguse lainingi. Na vumbi la humo usilipulize kwa kompresa, tumia kitambaa chenye maji. Mapafu yako hayana spea.

Sasa madudu tunayofanyiwa. Kuna wanaopaka oili kwenye lainingi "ili inyamaze." Inanyamaza kweli, na breki nayo inanyamaza. Kuna wanaokata waya wa handibreki. Kuna wanaochanganya ajasta ya kushoto na ya kulia. Nyuzi zake zinapingana, kwa hiyo breki haijirekebishi tena na pedali inazama kila wiki. Na ukibadilishiwa beringi bila sababu, habu (kitovu kinachobeba tairi) inagongwa, waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukipiga breki) unakatika, unaondoka na taa ya dashibodi ambayo hukuja nayo.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kuhusu Mark X na Harrier, hizo nyuma zina diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi), lakini kwa nyingi katikati ya diski kuna drumu ndogo yenye viatu vya handibreki. Mafundi wengi wanabadilisha pedi, wanafunga, mlio unabaki, kwa sababu hawakuivua diski. Springi ya kiatu ikikatika inasagika humohumo. Kabla ya hapo lakini, chungulia bati jembamba nyuma ya diski. Kokoto moja ikinasa pale inapiga kelele za kutisha watoto. Rudisha nyuma gari mita kadhaa, mara nyingi inadondoka. Ikigoma, sukuma bati kwa bisibisi lisigusane na diski. Hakuna haja ya kulikata kwa mkasi.

Dada wa Tanga, mlio wa asubuhi tu unaoisha ukishakanyaga breki mara tatu nne ni kutu ya usiku kwenye diski, unyevu wa pwani huo. Usimpe mtu hata mia.

Na ninyi wa Probox za mzigo: kama mkwaruzo unatoka gari ikijaa tu na kwenye matuta, kagua bega la tairi. Ukiona limeng'aa au limeliwa mstari mmoja kuzunguka, springi zimelala na tairi linakula madigadi. Nati za tairi zikirudi zikazwe kwa spana ya kipimo, 103 Nm kwa Toyota nyingi ndogo, wala si kwa kupandia spana na miguu miwili.