Hedhi kuvurugika katika miaka ya arobaini: lipi la kawaida, lipi la kwenda hospitali?

Mama_Wawili
Nina umri wa miaka 47. Hedhi yangu, ambayo siku zote ilikuja kwa mpangilio, sasa huruka mwezi mmoja au miwili, kisha hurudi na damu nyingi kuliko nilivyozoea, na usiku huamka nimelowa jasho. Je, nimeshakoma hedhi, na je, nipime homoni?

Mkunga_Mstaafu
Dada, bado hujakoma. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi baada ya kukaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Kipindi kinachotangulia huweza kuchukua miaka kadhaa, kwa kuwa ovari haziachi kazi kwa mkupuo: mwezi huu yai hupevuka, mwezi ujao halipevuki. Lisipopevuka, homoni ya projesteroni hupungua huku homoni ya estrojeni ikiendelea kuunenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba, na utando huo unapobomoka damu hutoka kwa wingi. Kipimo cha homoni, kwa mwenye umri na dalili kama zako, mara nyingi hakisaidii, kwani viwango hupanda na kushuka mno.

Msomaji_Makini
Nakubali, ila neno “kawaida” lisitumike kumnyamazisha mtu. Damu inayolowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa, au inayotoka baada ya kujamiiana, inahitaji daktari. Huenda kuna uvimbe katika mji wa mimba, na damu yenyewe ikipungua mwilini huleta uchovu ambao wengi husingizia umri. Tena, aliyekwisha kutimiza miezi 12 akiona damu, hata kidogo, asisubiri, maana ingawa mara nyingi chanzo si kikubwa, saratani ya mji wa mimba hujitokeza hivyohivyo.

Mama_Wawili
Nashukuru. Na mimba je, bado inawezekana?

Mkunga_Mstaafu
Inawezekana, na hedhi ikiruka ni busara kupima mimba kwanza. Aliyekoma akiwa na zaidi ya miaka 50 hushauriwa kuendelea na uzazi wa mpango kwa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho. Aliye chini ya hapo, miaka miwili. Kuhusu jasho, tiba ya homoni ipo, lakini mwenye mji wa mimba hapewi estrojeni peke yake, bali pamoja na projestojeni, yaani dawa inayofanya kazi kama projesteroni, ya kuulinda utando ule.