Kuchora maumivu ya kudumu: picha isiishie kuwa mchoro wa baiolojia

Rangi_Tatu
Wakuu, nawauliza wenye uzoefu. Mtu ana maumivu ya mgongo ya miaka, yanashuka hadi mguuni, na anataka kuyachora. Kila akijaribu linatoka umbo la mtu lenye doa jekundu kiunoni. Mtazamaji anajua panapouma, hajui panaumaje. Aanzie wapi? Kukaa zaidi ya nusu saa hawezi.

Mkaa_Mweusi
Auache mwili kwanza. Achukue karatasi ndogo kama nane na kipande cha mkaa, kila karatasi aina moja ya maumivu, dakika moja, bila umbo la kitu chochote. Yanayochoma yanataka ncha kali na mistari mifupi. Yanayopwita yanataka alama ileile irudiwe, akikandamiza na kulegeza. Ganzi ni kufuta: apake mkaa eneo lote, kisha asugue kwa kitambaa libaki vumbi la kijivu. Yanayowaka kushuka mguuni yapewe mstari mrefu usiokatika, ukingo hadi ukingo. Kisha achague mbili au tatu za kupeleka kwenye picha yenyewe. Akizitia zote zitauana.

Nyekundu aiache. Inasomeka kama jeraha la leo. Maumivu ya miaka yanakaa vizuri kwenye rangi zilizochoka, kama zambarau iliyofifishwa kwa manjano.

Hadibodi
Hapo kwenye nyekundu tunatofautiana, mkuu. Tone moja katikati ya kijivu cha kijani linachoma kuliko turubai zima jekundu.

Aitazame La columna rota (Nguzo Iliyovunjika) ya mchoraji wa Meksiko Frida Kahlo, ya 1944. Mahali pa uti wa mgongo pana nguzo ya mawe iliyopasuka, misumari mikubwa na midogo imetapakaa mwilini, korseti, yaani vazi la kushikilia mgongo, imembana, na ardhi ya nyuma nayo ina nyufa. Machozi yanatoka lakini uso umetulia. Vitu vigumu ndivyo vilivyobeba maumivu. Tena ni picha ndogo, takriban sm 40 kwa 30. Ukubwa huo unamfaa asiyeweza kunyoosha mkono kwa muda mrefu.

Fundi_Rangi
Atumie akriliki, rangi inayochanganywa na maji. Tabaka jembamba hukauka kwa dakika 15 hadi 20. Rangi ya mafuta hubaki mbichi siku kadhaa na harufu ya tapentaini huumiza kichwa. Maji yasizidi rangi, gundi iliyo ndani ya rangi itadhoofika na rangi itafutika kama unga. Rangi ya mafuta juu ya akriliki kavu ni sawa, akriliki juu ya mafuta itabanduka. Akichorea kwenye ubao wa hadibodi, aupige msasa, kisha apake jeso (rangi nyeupe ya msingi) tabaka mbili mbele na nyuma. Ukipakwa upande mmoja tu hupinda.

Picha aiegemeze mezani, kiwiko kipate pa kutulia. Mpini mwembamba unachosha vidole, auzungushie sponji na utepe hadi unene wa kidole gumba. Aweke kengele ya dakika 20 na kuinuka ikilia, hata kama haumwi. Akingoja maumivu ndiyo yamwinue, kesho yake hatashika brashi.

Rangi_Tatu
Nashukuru sana. Je, achore siku ya maumivu makali au ya nafuu?

Mkaa_Mweusi
Siku kali, zile karatasi za mkaa tu. Nyuma aandike tarehe, saa, dawa aliyokunywa na kiwango cha maumivu, 0 hadi 10. Picha kubwa aifanye siku ya nafuu, karatasi zikiwa mbele yake. Azipeleke na kliniki, zitamsaidia daktari kujua cha kuuliza. Ila ganzi ikianza kuzunguka sehemu za siri, au mkojo ukamtoka bila kujua, aende hospitali siku hiyohiyo.