Gumzo la ukoo: Zuhura na kazi ya kwanza ya mtandaoni

Zuhura: Shikamooni. Nimeona tangazo Upwork, ile tovuti ya kutafutia kazi za mtandaoni: kunukuu mahojiano ya Kiswahili, yaani kusikiliza sauti na kuiandika, dakika 60, dola 10 kazi nzima. Niombe?

Dada Mwanaisha: Marahaba. Achana nayo. Saa moja ya sauti safi humla mnukuzi mzoefu saa 4 hivi. Anayeanza weka 6, na wasemaji wakikatizana hata hizo hazitoshi. Dola 10 kwa saa 6 ni kama dola 1 na senti 67 kwa saa, na Upwork hawajakata chao.

Kaka Idi: Tena mtazame mteja mwenyewe. Pembeni mwa tangazo inaonyeshwa kama njia yake ya malipo imethibitishwa, ameshatumia kiasi gani, na katika matangazo yake ameajiri mangapi. Aliyetangaza kazi 20 akaajiri 2 atakumalizia Connects bure.

Mjomba Salehe: Connects ndiyo mnyama gani?

Kaka Idi: Shikamoo mjomba. Ni kama tiketi za kuombea kazi. Moja ni senti 15 za dola, na ombi moja linameza kadhaa. Usipopata kazi, tiketi imekwenda.

Mjomba Salehe: Marahaba. Bahati nasibu hiyo!

Dada Mwanaisha: Kwa anayeomba ovyo, ndiyo 😄 Zuhura, kwenye utafutaji chuja matangazo yenye maombi chini ya 5, halafu panga mapya yatangulie. Tangazo la jana lenye maombi 50 lipite tu.

Zuhura: Sawa. Ombi langu huwa naandika hivi: "Ndugu mteja, mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma, na nitafurahi kupata nafasi hii..."

Kaka Idi: Futa lote 🙈 Mteja akifungua orodha ya waombaji, chini ya jina lako anaona mistari miwili mitatu ya mwanzo basi. Wewe hiyo umeimaliza kwa kujisifu, na wenzako wote wamejisifu hivyo hivyo. Anza na kazi yake: "Mahojiano yako yana wasemaji wawili. Nitaweka jina kila anapobadilika msemaji na alama ya muda kila dakika 2. Zile 'eeh' na 'yaani' nizibakize au niziondoe?"

Dada Mwanaisha: Hilo swali la mwisho ndilo ndoano. Akijibu, mazungumzo yameanza. Ila liwe swali la kazi kweli. "Utanilipa lini?" siyo swali la kufungulia ombi.

Zuhura: Sampuli nitatoa wapi na sijawahi kuajiriwa?

Dada Mwanaisha: Sampuli haihitaji mwajiri. Rekodi watu wawili wanaongea dakika 5, kwa ruhusa yao, kisha toa nakala mbili: moja neno kwa neno pamoja na vigugumizi, nyingine iliyosafishwa. Pasiposikika andika [haisikiki 03:12], usibuni neno. Mteja akiona mabano hayo anajua unaijua kazi. Hifadhi kwa PDF, pandisha kwenye wasifu. Sampuli tatu za kazi ya aina moja zinatosha. Ukichanganya unukuzi, nembo na tafsiri, hajui akuite nani.

Mjomba Salehe: Mimi kuna mtu Telegram ananipa kazi ya kuchapa kurasa, dola 200. Nilipe 15 za usajili kwanza.

Kaka Idi: Usitume hata senti mjomba!! Mwajiri wa kweli hakutozi ili akuajiri. Iwe "usajili", "mafunzo" au "dhamana", ni wizi ule ule. Na yule anayeomba akaunti yako ya Upwork kwa kukodi, mkatae pia. Jina la akaunti lazima lilingane na kitambulisho, na wakigundua wanaifunga.

Mjomba Salehe: Mungu kanitoa. Namzuia sasa hivi.

Zuhura: Nikipata kazi, naanza mara moja?

Kaka Idi: Hapana, na hapa ndipo wageni wengi wanalizwa. "Njia ya malipo imethibitishwa" haimaanishi hela imewekwa. Kazi ya bei moja, subiri uone hela ya ile hatua, yaani sehemu ya kazi mliyokubaliana, imeshawekwa kwenye amana inayoshikiliwa na Upwork, ndipo ufungue faili. Ukimaliza, wasilisha kwa kitufe cha kuwasilisha, siyo kwa ujumbe mtupu. Mteja akikaa kimya siku 14 tangu hapo, pesa zinaachiwa zenyewe, kisha zinasubiri siku 5 za usalama kabla hujazitoa. Kazi ya kulipwa kwa saa, washa programu yao ya kupima muda. Saa ulizojiandikia kwa mkono hazina ulinzi mteja akikataa kulipa.

Dada Mwanaisha: Fiverr ni tofauti. Kule unaweka huduma, mnunuzi anakufuata. Wanakata asilimia 20, kwa hiyo dola 50 inabaki 40. Oda ikikamilika, muuzaji mpya anasubiri siku 14. Usiipigie mahesabu ya wiki hii.

Dada Mwanaisha: Halafu saa! Mteja akisema "3 PM" ni yetu ya tisa alasiri. Kichwa kikisoma tatu usiku, umechelewa saa 6. Mwandikie 15:00 na utaje ni saa za nchi gani, yaishe.

Zuhura: 😂😂 Nimepata jingine. Sauti ya mjadala wa redio dakika 20, dola 20, maombi 3, mteja ameajiri 9 kati ya 11.

Kaka Idi: Dakika 20 kwa mwendo wako ni kama saa 2. Hata wakikata asilimia 15, unabaki na dola 17. Hiyo sawa. Bei usiishushe.

Zuhura: Naanza hivi: "Mjadala wako una wasemaji wawili, na kwa kuwa ni wa redio nitatenga matangazo ya biashara na maongezi. Matangazo niyanukuu au niyaruke?"

Dada Mwanaisha: Nzuri sana. Lakini soma tangazo tena. Wasemaji wangapi?

Zuhura: Watatu 🤦🏾‍♀️ Mtangazaji sikumhesabu.

Kaka Idi: Rekebisha, bandika sampuli, tuma.

Zuhura: Imekwenda.